Mpokeaji wa Shaibu

Siku hiyo mjinga alikuwa Shaibu, na mwenyewe hakatai. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, cheti cha Mfanyakazi Mtulivu mkononi, ingawa wateja wenye malalamiko ya maji walikuwa wamemtukana mezani pake tangu asubuhi. Hakuhisi kitu. Bangili ya kazini, kama sheria ilivyoruhusu, ilipeleka uchovu na hasira zake zote kwa mpokeaji aliyesajiliwa, na yeye alikuwa amemsajili mkewe, Tunu. “Ndoa si kusaidiana?” alimtania siku walipotia sahihi.

Alimkuta Tunu ameketi sakafuni jikoni, wali umeungua.

“Mama Salha, umenuna nini? Mimi niliyeshinda natukanwa nacheka!”

“Salha kamwaga maji kidogo tu, nimempiga kofi. Sijawahi kumpiga mwanangu.”

Mluzi ulimkauka. Aibu ikampanda Shaibu, nayo bangili haikuipeleka popote. Akaficha cheti mgongoni.

“Nisamehe, mke wangu. Ila vumilia kidogo. Kuanzia kesho nahudumia meza mbili, nimeshakubali. Bosi anasema mtu kama mimi hachoki.”

Tunu akamtazama.

“Na anayechoka, ulimuuliza?”