Uzembe au Ukame

"Andika uzembe, dada Levina," meneja alisema akivaa kofia yake. "Nikirudi kutoka msikitini nikute ripoti imeshakwenda makao makuu."

Akatoka na wenzake wote. Tawi la benki ya Kiislamu pale Tabora likawa kimya, na Levina, Mkristo pekee kazini, akabaki na kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa kuripoti hatari za biashara ambazo benki imeingia ubia na wateja.

Ubia huu ulikuwa wa shamba la mpunga kule Choma. Benki ilitoa mtaji, mzee mmoja akalima. Mvua ikikosekana, hasara ni ya benki. Mkulima akizembea, hasara ni yake, na atauza ng'ombe wake wote kuufidia mtaji.

Juzi Levina alifika shambani. Mpunga ulikuwa umekauka ungali mchanga, na kando yake kulikuwa na kisima kirefu kisicho na maji.

"Nilichimba mwenyewe, mwanangu," mzee alisema.

Walipoagana kwa mkono, Levina alihisi kiganja kilichochunika, kibichi. Mzee akakirudisha haraka, kama aliyeona haya.

Sasa, mbele ya kompyuta, Levina alifuta neno "uzembe" alilokuwa ameshaliandika. Akaandika "ukame", akaongeza habari ya kisima, akatuma.

Alitamani kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu. Alikaa akisikiliza feni mpaka wenzake waliporudi wakicheka.

Meneja alifungua mlango. "Imekwenda?"

"Imekwenda," Levina alijibu, akaanza kukusanya vitu vyake mezani kabla meneja hajaisoma.