Mlango Usiomsikia Nakijwa

Siku hizi nyumba hutii sauti, na sauti husajiliwa na mwajiri. Jana kikaoni Nakijwa alisema maziwa ya unga ya kiwandani yana ukungu. Leo meneja ameifuta sauti yake. Mlango haukumsikia. Binti yake, Mboni, ndiye aliyemfungulia, akaliamuru na jiko lichemshe chai.

"Mama, kamwombe radhi bosi."

"Nimwombe radhi kwa lipi? Watoto wanayanywa yale! Kesho nasema tena."

Mara mlango ukagongwa kwa mkono, kishindo ambacho Mboni hakuwahi kukisikia maishani.

"Hodi! Ni sisi wa zamu ya asubuhi. Na sisi tumesema leo."

Nakijwa akauvuta mlango kwa mikono miwili. Ngazi zilikuwa zimejaa watu hadi chini.