Moshi Unamtoka

Sufuria lilimpita mshonaji sikioni, likagonga ukuta, likatua juu ya cherehani. Supu ikatiririka kwenye gauni la harusi la watu.

"Chumvi!" alifoka mumewe. "Mtu nimeacha sigara, na chumvi nayo mninyime?"

Mshonaji aliinama akaanza kuifuta supu. Alikwishajifunza kwamba ukijibu, mkono unafuata sufuria. Lakini jioni hiyo hata kunyamaza hakukufaa kitu. Mumewe alimkamata nywele, akamburuta hadi mlangoni, akambamiza bega kwenye fremu mara mbili, kama mtu anayekung'uta zulia.

"Nani aliniachisha?"

"Mimi."

"Basi vumilia."

Kweli, ni yeye aliyemwachisha. Miezi minane nyuma alimpigia magoti kwa ajili ya binti yao, aliyekuwa akikohoa usiku kucha. Mume akatoka uani, akasaga pakiti nzima chini ya kiatu mbele ya ukoo, na ukoo ukampigia makofi. Makofi ya aina nyingine yalianza wiki iliyofuata.

Kila mtu alikuwa na lake la kueleza. "Ni moshi unamtoka, mwanangu," mama mkwe alimwambia huku akimkanda shavu kwa maji ya moto. "Ukishamtoka wote, utalala na malaika."

Kaka yake mshonaji, ambaye naye aliwahi kuacha, alicheka. "Dada, mimi mwaka wa kwanza nilitamani kumng'ata mbwa. Hiyo kiu ni shetani. Mpe muda shemeji."

"Afadhali yako," jirani alidakia. "Wangu anavuta na roho mbaya anayo vilevile."

Wakacheka. Mshonaji naye akacheka, kwa upande wa mdomo ambao haukuwa umevimba.

Akaanza kuusoma ugonjwa wa mumewe kama anavyosoma kitambaa kabla ya kukikata. Alimnunulia tangawizi, peremende, na vijiti vya kutafuna. Mume akachagua karafuu, akawa anazitafuna tangu mlangoni. Jioni alirudi nguo zikinuka moshi, na mshonaji alimwonea huruma: maskini, anaoka mikate kwenye tanuri la kuni, na kazi yenyewe inamtonesha kidonda.

Aligundua pia kwamba kiu ilimpanda akiwa nyumbani tu. Kule tanurini wenzake walimwita Mpole, na hakuna aliyewahi kumwona akikunja ngumi. Hilo nalo mshonaji alilipatia sababu. Mwanamume anajikaza kutwa nzima mbele ya watu, alijiambia, akifika kwake nguvu zinamwishia.

Sasa, jioni hiyo ya supu, binti yao wa miaka tisa alitoka chumbani mbio, akamkumbatia baba yake mguu.

"Baba, basi! Baba, mwache!"

Baba aliurusha ule mguu, pamoja na mtoto.

Mlio ulikuwa mdogo tu, kama kifungo kilichodondoka sakafuni. Mshonaji aliinama akaokota jino la mbele, zima, na mzizi wake. Halikuwa jino la utoto. Lile lilishang'oka zamani, na hili ndilo lililoota badala yake.

"Mnaona mnavyonifanya?" mume alisema. Akaketi, akafungulia redio.

Mshonaji hakulala. Kulipokucha alikuwa ameshaamua. Mapafu ya mtu mzima na yaoze, akitaka yaoze yote mawili, lakini huyu mtoto hapigwi tena. Atamrudishia mumewe sigara zake kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana alifunga bega kwa kitambaa, akamshika binti yake mkono. Hakuthubutu kununua mtaani kwao, kwa kuwa mtaa mzima ulijua jinsi mumewe alivyojisifu siku ile ya makofi. Alikwenda moja kwa moja hadi kibanda kilichokabili geti la tanuri la mikate. Alitaka amkabidhi mumewe pale pale getini atakapotoka, kabla hajafika nyumbani na kiu yake.

Njia nzima alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno: Vuta, mume wangu. Nilikosea mimi.

"Mama, akivuta atapona?" binti aliuliza, pamba ikiwa imejaa mdomoni.

"Atapona."

"Na akipona, atatupenda?"

"Tembea, mwanangu."

Muuza kibanda alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Alimtazama mshonaji bega, akamtazama mtoto mdomo, akaguna. "Poleni jamani. Gari?"

"Tulianguka," mshonaji alisema. "Naomba pakiti ya sigara, dada. Zile za pakiti nyekundu."

"Makubwa! Na hali hiyo unavuta?"

"Si zangu. Ni za mume wangu, yule mrefu wa hapo tanurini. Mnamwita Mpole."

Uso wa yule mama ukachanua. "Kumbe wewe ndiye wifi yetu! Karibu, karibu. Yule bwana ana moyo wa dhahabu, hata nzi hawezi kumfukuza." Akashusha pakiti nyekundu kutoka rafuni, akaipangusa vumbi, akamwekea kiganjani. "Leo kakutuma wewe? Basi mwambie hizi ndizo za jioni. Za asubuhi ameshachukua, na mwaka wa tatu huu hajaruka hata siku moja."