Manjano ya Nguchiro

Nguchiro alikuwa mchoraji asiyejua kutulia, na mkia wake ndio ulikuwa brashi. Bata, mpenda sifa, alimwomba amchore mwambani pamoja na vifaranga anaotarajia kuwaangua.

Picha ilipokamilika, Bata alirukaruka kwa furaha.

“Jamani, wanangu wako hai kabisa! Kaka Nguchiro, manjano hii umeitoa wapi?”

“Nilihangaika, dada,” alisema Nguchiro, akihema kwa msisimko. “Maua yalipauka, udongo ukabanduka. Mwishowe nikajaribu kiini cha yai, kikakubali palepale.”

“Mayai ya nani?”

“Yaliyokuwa karibu.”

Bata alikimbilia kiotani, akakuta maganda matupu. Aliporudi mwambani hakusifu tena. Aliwahesabu vifaranga, mmoja mmoja.