Kikombe cha Mbwa

Mbwa mzee aliinusa juisi ya machungwa kikombeni, akarudi nyuma, akageuza uso.

Binti mwenye kibanda cha juisi, aliyemwekea, alishangaa. Enzi za marehemu baba, kila jioni wakifunga, kikombe hiki cha bati kilijazwa juisi iliyobaki. "Ya mbwa hii," baba alisema, akatokomea nacho nyuma ya kibanda.

"Sukari yote hiyo, utamuua mbwa wa watu!" mama alimgombeza. Baba alirudi na kikombe kitupu, akijifuta ndevu.

"Mama, mbona leo hataki?"

Mama aliacha kufagia maganda. Alikitazama kikombe. Rangi ilikuwa imebanduka upande mmoja tu, pale midomo inapogusa.

"Na daktari alikwisha kumkataza baba yako sukari!" alisema, kicheko na machozi vikimjia pamoja. "Hebu lete."

Akakigeuza upande ule, akanywa.