Mikono Nyuma

Nasra alisimama mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekosea. Katika miaka kumi na tisa ya kuwafundisha walimu kutumia kompyuta, hakuwahi kumshikia mtu kipanya.

"Nishikie basi, mwanangu, nisiaibike," alinong'ona Mwalimu Kalume, mkongwe wa biolojia. Wenzake wote walikuwa wanamtazama.

"Bonyeza tena, Mwalimu. Tuna siku nzima."

Akabonyeza. Katika mwanga wa projekta, ubaoni ukatokea moyo wa mtu, mkubwa kuliko mlango, unadunda. Mzee akaduwaa. Kisha akatoa chaki mfukoni, akausogelea ule mwanga, akaanza kuchora mishale na kuwauliza wenzake majina ya mishipa. Wakamjibu kwa pamoja, mpaka nje wakasikika.

Projekta ilipozimwa, mishale ilibaki ubaoni, yote ikielekea pale moyo ulipokuwa ukidunda.