Ukurasa wa Hamdani

Siku ya mwisho ya mafunzo ya kompyuta, Bi Somoe alikuwa bado anaandika tovuti yake kwa kidole kimoja.

"Bibi, ukurasa wa kwanza unapaswa kueleza wewe ni nani," mwalimu wake, Nasra, alimkumbusha.

"Mimi ananijua. Namwandikia mwanangu Hamdani. Aligombana na baba yake akaondoka, huu mwaka wa tisa. Labda siku moja atalitafuta jina lake humu mtandaoni, anione."

Nasra akainama kusoma: *Hamdani, baba yako tulimzika mwezi wa Shaabani. Kabla hajakata roho alikuulizia.*

"Alhamdulillahi, walau alimsamehe."

Bi Somoe akaifuta sentensi ya mwisho, herufi moja moja.

"Hakumuulizia," alisema. "Nilikaa pale kitandani nikingoja amtaje." Akaandika: *Mimi nakuulizia kila siku. Rudi, mwanangu.*

Nasra akamwonyesha kitufe cha kuchapisha. Ukurasa ukafunguka, na chini yake pakatokea maneno: *Wageni: 1.*

Bi Somoe akashika ukingo wa meza. "Ndiye?"

Mgeni huyo alikuwa Bi Somoe mwenyewe, kwa kuufungua ukurasa wake, lakini Nasra hakupata mdomo wa kumwambia.